Darubini juu ya bunduki: Kasongo na Kabambare tumejifunza nini kuhusu kuona mbali?



Juzi kijana mmoja alinisubiri nje ya studio, simu mkononi. Alinionyesha picha ya darubini ya bunduki, nyeusi, ndefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, yenye maandishi 6-24×50. Mwenye kuuza alikuwa anaitaka dola 180. Kijana anapenda mchezo wa kulenga shabaha, ule wa kupiga duara za karatasi, ambao ameuona kwenye video tu. Babake ni mwindaji mwenye kalibre 12 na karatasi yake ya ruhusa. Akaniuliza: "Yaya, wewe umesoma. Sema kweli. Kwa kitu hiki mtu atapiga shabaha ya mita elfu moja?"

Jioni nilikuwa na mama mmoja wa upande wa Kabambare. Amekimbia kijiji chake na watoto, na sasa analala kwa ndugu hapa mjini. Tulikuwa tunazungumza habari za kurudi mashambani. Nikamwambia juu ya ile darubini, kama mzaha tu. Hakucheka. Akasema: "Huyo mwenye kuangalia kutoka mlimani, akiniona na jembe begani, atajua ni jembe?"

Nimebeba maswali hayo mawili kwa siku kadhaa. La kijana linahusu chombo, na la mama linahusu mtu anayeshika chombo. Nikakumbuka kwamba nchi yetu hii, toka Kabambare hadi Lualaba, imewahi kujibu maswali yote mawili zamani, na bei iliyolipwa ilikuwa kubwa. Kwa hiyo leo naomba tutembee pamoja katika historia, kisha tuirudie darubini ya kijana na kuipima.

MLIO NA JICHO

Ukienda Tongoni, mahali ulipokuwa mji wa zamani wa Kasongo, jina la kwanza utakalosikia ni la Tippu Tip. Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Alikufa huko huko Unguja mwezi wa Juni 1905. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili.

Hilo jina la Tippu Tip lina maelezo mawili. Yeye alisema watu walimwita hivyo kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Wengine wakasema hapana, ni kwa sababu ya macho yake, yaliyokuwa yakipepesa kila wakati. Sitaamua nani ana haki. Lakini angalieni: mtu aliyetawala nchi yetu kwa miaka mingi, jina lake ni ama bunduki ama jicho.

Bunduki zilikuja kwetu kwa njia ya misafara. Toka pwani hadi Tabora, toka Tabora hadi Ujiji, kuvuka Tanganyika, kupitia Kabambare, kufika Kasongo na Nyangwe. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea mpunga, mipera, na Kiswahili chenyewe tunachosema leo, Kingwana, lugha ya Wangwana waliofuata misafara. Njia hiyo hiyo pia ndiyo iliyowachukua watu wetu. Ndiyo maana mpaka leo kuna wajukuu wa Maniema huko Ujiji na Bujumbura, na Dar es Salaam, mtaa wa Kariakoo, kuna msikiti uitwao wa Manyema. Ninyi mlioko kambi ya Nyarugusu, si ninyi wa kwanza wa nchi hii kuvuka ziwa bila kupenda.

SOKO LA NYANGWE

Bunduki nyingi za wakati huo zilikuwa gobore. Zilikuwa za aina mbili: gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, na ile ya fataki. Zote mbili hushindiliwa kwa mdomo: unamwaga baruti, unaweka kitambaa au majani, unatia risasi ya duara, unasukuma kwa kijiti. Mtutu wake ni laini ndani kama bomba. Risasi inapita ikigonga huku na huku, na ikitoka mdomoni inakwenda inapotaka. Kwa mtu mmoja aliyesimama, kulenga kwa gobore ni kazi ya mita 50, labda 100 ukiwa na bahati. Zaidi ya hapo unapiga kelele na moshi.

Lakini gobore haikuhitaji shabaha pale ambapo watu wamesongamana. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. David Livingstone, aliyekuwa amefika hapo mwezi wa Machi, aliandika kwamba sokoni kulikuwa na watu kama 1,500, wengi wao wanawake. Aliona wanaume watatu wa msafara wa Dugumbe wakiingia na bunduki. Mmoja wao alianza kubishana bei ya kuku. Kisha risasi zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na wengi wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone aliandika habari hiyo juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia. Wino ulififia hata maneno yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitoa matokeo ya kupiga kurasa hizo picha kwa mianga ya namna nyingi, na maneno ya Nyangwe yakaonekana tena. Kuna vitu ambavyo macho ya kawaida hayafikii, na chombo kinasaidia. Habari ya soko hilo iliposikika Uingereza, ilizidisha msukumo dhidi ya Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba.

Niseme jambo moja hapa kabla ya kuendelea. Siku ile Nyangwe, wapigaji waliona vizuri kabisa. Walikuwa hatua chache tu. Walimwona mama mwenye kikapu, wakajua ni mama mwenye kikapu. Hakuna darubini ambayo ingewaonyesha zaidi.

SHERIA YA MTUTU

Mwaka 1887 Tippu Tip alipewa na Mfalme Leopold wa Pili uwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alikuwa mtu wa Unguja, na papo hapo mtumishi wa Dola Huru la Kongo. Mambo hayo mawili hayakukaa pamoja muda mrefu.

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mkataba huo ulikataza utumwa, basi. Hatukuambiwa kwamba sehemu yake moja nzima inahusu bunduki. Walichora eneo katika Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, na ndani yake wakakataza kuingizwa kwa bunduki, hasa bunduki zenye mtutu uliochongwa mifereji na zile za kisasa. Kilichoweza kuruhusiwa kwa biashara, kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Majeshi ya serikali, na wasafiri wachache wenye ruhusa, waliendelea kupata bunduki bora.

Mifereji hiyo ni nini? Ni mikato myembamba inayozunguka ndani ya mtutu kama nyuzi za parafujo. Inaifanya risasi izunguke inapotoka, kama pia ya mtoto. Pia inayozunguka haianguki. Risasi inayozunguka haipotei njia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya gobore la mita 50 na bunduki ya mita mia kadhaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mstari waliouchora Brussels haukuwa tu wa kugawa wenye bunduki na wasio nayo. Uligawa wanaoweza kulenga mbali na wasioweza. Sitetei wafanyabiashara wa watumwa. Wazee wetu waliofungwa minyororo wasingenisamehe. Nasema tu kwamba sheria iliyofunga njia ya minyororo ilifunga pia, kwa watu wote wa nchi, njia ya mtutu mzuri, na ufunguo ukabaki mkononi mwa Leopold.

KASONGO INAANGUKA

Vita vilianza mwaka 1892. Upande mmoja alikuwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliyeshika Kasongo. Upande wa pili alikuwa Francis Dhanis, ofisa wa Dola la Kongo, pamoja na Ngongo Lutete, aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip na ambaye mwaka huo aligeuka na kuja na maelfu ya wapiganaji wake. Tusisahau hilo. Wazungu katika vita hivyo walikuwa wachache sana. Waliopigana na kufa pande zote mbili walikuwa hasa watu wa nchi hii.

Askari wa Dhanis walibeba bunduki aina ya Albini. Ilikuwa na mtutu wenye mifereji, na risasi ilitiwa kwa nyuma, moja moja. Mtu aliweza kuijaza akiwa amelala chini. Mwenye gobore ilimpasa asimame au apige magoti ili ashindilie baruti, na akisimama anaonekana. Juu ya Albini kulikuwa na alama ya kulengea inayopandishwa kufuata umbali. Pia walikuwa na mizinga ya Krupp. Upande wa Sefu nao walikuwa na bunduki kadhaa nzuri, lakini nyingi zilikuwa za kushindilia.

Majeshi yakasimama yakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya Lualaba kwa majuma kadhaa. Mwishowe wavuvi Wagenia wakaleta mitumbwi, na tarehe 4 Machi 1893 Dhanis akaingia Nyangwe. Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ikaanguka. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kitabu kuhusu vita hivyo mwaka 1897. Anaeleza mji uliokuwa na mashamba makubwa ya mpunga, miti ya machungwa na mapera, na nyumba zenye mishumaa na vikombe vya kioo. Huo ndio mji ambao leo ni Tongoni.

Ngongo Lutete hakufaidi ushindi wake. Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshtaki usaliti na kumpiga risasi. Sefu aliuawa vitani mwezi wa Oktoba. Rumaliza alikuja toka Ujiji na jeshi, akajenga maboma ya miti na udongo ambayo risasi za bunduki hazikuweza kuyatoboa. Januari 1894 kombora la mzinga liliwasha boma lake, moto ukaenea, watu wake wakatawanyika. Siku chache baadaye Kabambare nayo ikachukuliwa. Njia ya misafara ikafungwa.

Watu wengi husema Waarabu walishindwa kwa sababu ya bunduki chache. Si kweli. Bunduki walikuwa nazo kwa maelfu. Walishindwa kwa mambo mengi: Ngongo aligeuka, mizinga ilifika, na Waarabu wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Katika hayo yote, umbali wa shabaha ulikuwa na sehemu yake kubwa.

GOBORE LA BABU

Baada ya hapo, kwa miaka mingi sana, kijiji cha Maniema kilibaki na gobore. Babu yangu alikuwa nalo moja, mtutu wake umefungwa waya mahali palipopasuka. Alama za kulengea zilikuwa mbili tu: pengo dogo nyuma, na kinundu cha shaba mbele. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza anawezaje kumpata mnyama kwa kitu kile. Akasema: "Siwezi kumpata mbali. Kwa hiyo nakwenda karibu."

Alikuwa akitambaa nusu siku nzima. Mpaka afikie hatua 30 za mnyama, amekwisha kumjua: dume au jike, ana mtoto au hana. Na kama nyuma ya majani kuna mwanamke anayetafuta uyoga, ameshamsikia akikohoa. Upungufu wa gobore ulimlazimisha kuwa na hakika. Sikuelewa jambo hilo hadi nilipokuwa mtu mzima.

JICHO LA KIOO

Wakati watu wetu wanashindilia baruti, huko Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kuweka darubini juu ya bunduki. Wamarekani waliitumia katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1861 hadi 1865. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani walizichukua hata darubini za wawindaji wao na kuwapa wadunguzi, yaani askari wanaojificha na kumpiga mtu mmoja mmoja toka mbali.

Vita hivyo vilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Majeshi ya Kongo yaliingia Tabora Septemba 1916. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, aliuawa Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyejulikana dunia nzima, mwenye miaka 65. Katika maisha yake alikuwa ameua ndovu kwa bunduki nzito za kushindilia, tena kwa kuwakaribia. Siku hiyo alikuwa kapteni wa jeshi. Inasimuliwa kwamba aliinua kichwa pamoja na darubini yake ya mkononi, atafute adui aliko, na mdunguzi akampiga kichwani. Mtu aliyekuwa bingwa wa kuona porini aliuawa na mtu ambaye yeye hakumwona.

Habari hii inafafanua swali la yule mama. Kinachotisha katika bunduki ya kuona mbali si nguvu ya risasi. Gobore nalo linaua. Kinachotisha ni kwamba mmoja anaona na mwingine haoni. Huwezi kuinua mikono. Huwezi kusema, "Baba, ni mimi, naenda shambani."

KUANZIA 1964

Mwaka 1964 Simba waliipita nchi yetu. Mwezi wa Julai jeshi la Jenerali Nicolas Olenga liliingia Kindu. Wengi wa vijana wale walianza na mikuki na mapanga, na dawa ya maji ambayo waliamini inageuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali waliokuwa na bunduki nzuri mara nyingi walikimbia bila kupigana. Kwa hiyo bunduki peke yake haishindi. Moyo wa anayeishika nao unahesabiwa.

Vita vya 1996 na vya 1998 vilituletea bunduki nyingi za kisasa, na jina la maji likarudi: Mai-Mai. Wengi mnaosoma hapa mnajua zaidi yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, nilikimbia porini na mama. Ninachokumbuka ni kwamba tulitembea usiku tu. Mchana mtu alionekana mbali kwenye nyasi.

Kabambare haijapumzika hata baada ya mikataba. Huko Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, kundi la Malaika na jeshi vimepigana mara nyingi, na kampuni ya Banro ikasimamisha kazi zake mgodini mwaka 2019. Familia zikahama, zikarudi, zikahama tena. Mama yule ni mmoja wao.

TUIPIME DARUBINI YA KIJANA

Sasa nimrudie kijana. Nimesoma, nimewauliza watu wanaojua vyombo vya kulengea, na nimejibu swali lake kama hivi.

Namba 6-24 maana yake kitu kinaonekana karibu mara 6 hadi mara 24. Kwa mara 24, mtu aliye mita 480 anaonekana kama yuko mita 20. Hiyo ni kweli, hata kwa darubini ya bei nafuu. Namba 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa 50 kwa 24: unapata mwanga mwembamba wa milimita 2 tu unaoingia jichoni. Mchana wa jua inatosha. Magharibi, au chini ya miti yetu mikubwa, kioo kinakuwa giza. Kwa mara 6 mwanga ni milimita 8, na unaona vizuri, lakini basi hukuhitaji kununua 24.

Pili, darubini inakuza kila kitu, pamoja na makosa yako. Mkono ukitetemeka, shabaha inaruka ndani ya kioo kama samaki. Mvuke wa joto unaopanda toka ardhini saa sita mchana unaonekana kama maji yanayochemka.

Tatu, darubini hainyooshi mtutu. Chukua bunduki yenye mtutu wa mita 1. Mdomo wake ukisogea milimita 1 tu, risasi inapotoka sentimita 10 kwenye mita 100. Darubini itakuonyesha vizuri sana mahali ulipokosea. Ukiifunga juu ya kalibre 12 inayorusha vidonge vingi vinavyotawanyika, au juu ya gobore la babu yangu, umefunga saa ya dhahabu kwenye mkono wa mti.

Nne, namna wenye mchezo wanavyoipima ya bei rahisi. Vifundo vyake vinahesabu kwa midundo. Mara nyingi mdundo mmoja unasogeza shabaha milimita 7 hivi kwenye mita 100. Mpimaji katika uwanja wenye ruhusa anapiga, anazungusha midundo kadhaa juu, kulia, chini, kushoto, na mwisho alama inapaswa kurudi pale pale ilipoanzia. Ikirudi, chombo ni cha kweli. Isiporudi, kioo kinaweza kuwa kizuri sana, lakini kinakudanganya. Hapo ndipo bei rahisi mara nyingi inajulikana: kioo kinapendeza, vifundo vinasahau.

Na hapa kuna jambo lililomshangaza kijana. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bunduki hayaruhusu darubini ya kukuza juu ya bunduki. Kwenye mita 50, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4, mdogo kuliko kifuniko cha kalamu. Mabingwa wanalipiga wakiwa wamelala, wamepiga magoti, hata wamesimama, wakitazama kwa tundu dogo la chuma tu. Wanachokuza ni pumzi zao, subira yao na miaka ya mazoezi.

Kuhusu mita elfu moja, nilimwambia: darubini itakuonyesha. Kupiga ni habari nyingine kabisa, ya bunduki, ya risasi, ya upepo na ya mwalimu. Dola 180 hazinunui hayo.

Kisha nikamwambia la tano, ambalo matangazo hayalisemi. Ukikuza mara 24, kwenye mita 100 unaona duara la upana kama wa mita moja na nusu tu. Kila kilicho nje ya duara hilo kimepotea. Mtoto anayemfuata mama hatua tatu nyuma, humwoni. Wenzake wanaoimba wakivuna muhogo pembeni, huwaoni wala huwasikii. Unamwona mtu mmoja, mkubwa, wazi, peke yake, na kitu begani mwake. Babu yangu kwenye hatua 30 aliona kidogo, lakini alijua mengi. Mwenye darubini anaona mengi ya kitu kimoja, na anaweza kuwa hajui lolote.

SHERIA TENA

Sheria za Kongo kuhusu silaha zipo tangu tarehe 3 Septemba 1985, na kwa raia kushika bunduki bila ruhusa ni kosa. Dunia nayo ilichora mstari mwingine, kama ule wa 1890. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataza silaha kwa makundi ya mashariki mwa nchi mwaka 2003, kwa azimio namba 1493, na mwaka 2008, kwa azimio namba 1807, likathibitisha kwamba katazo ni kwa makundi yote yasiyo ya serikali katika Kongo nzima. Maneno yake yanataja silaha pamoja na vifaa vinavyohusiana nazo. Kijana akileta darubini bila karatasi katika eneo lenye makundi, asishangae akiulizwa anampelekea nani. Nilimwambia aende kwanza kwa wakubwa wa teritwari na polisi, yeye na babake, kabla ya kutuma hata franga moja.

Mwaka 1890 mstari ulilindwa na sheria, na pia na bei: kitu cha kuona mbali kilikuwa ghali. Leo sheria ipo, lakini bei imeshuka. Kwa sababu hiyo swali la mama limekuwa la haraka kuliko zamani.

Kijana alikaa kimya, kisha akasema: "Basi nianze na ile ya tundu la chuma." Nikasema hilo ni wazo la bingwa.

Mama sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nilimwambia ukweli: hapana, darubini haijui jembe. Anayejua ni mtu, tena akitaka kujua. Kwa hiyo wakati viongozi wanapozungumza na makundi kuhusu kuweka silaha chini, wasihesabu bunduki tu. Wazungumze pia juu ya vilima vinavyotazama mashamba, na njia za sokoni, na saa ambazo wakulima wanapita. Watu wajue nani yuko juu ya mlima, na aliye juu ya mlima awajue watu kwa majina yao. Ndivyo tulivyomwambia mkuu mmoja wa kijiji wiki hii, na amekubali kulisema kwenye kikao.

Namalizia kwa neno moja la Kiswahili chetu. Tongo ni mahali palipohamwa, penye alama za nyumba lakini pasipo watu. Tongoni yetu ilipata jina hilo baada ya mji kuondoka. Wanaotaka kurudi Kabambare leo wanaomba kijiji chao kisiitwe hivyo. Mama yule ameniambia mvua za kwanza zikishuka atakwenda kuangalia shamba lake, yeye na wenzake wanne, asubuhi na mapema, wakiimba njia nzima ili wasikike.

Wazee wenye kumbukumbu za Kasongo ya zamani, au za gobore la babu zenu, njooni studio. Tukutane hewani.